Siti ya kurudi: wale wa siku 8 waliokaa siku 286 angani (uzi mrefu, kaa mkao wa kula)

Mzee wa Daku

Wakuu salaam.

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 19 Machi 2025, sikulala. Ilikuwa Ramadhani, nikaona kuliko kulala kidogo halafu niamke kwa daku, bora nikae na simu nione wale Wamarekani wanavyoshuka. Bando lenyewe la kuungaunga. Saa 6:57 usiku kwa saa zetu kapsuli ikatua baharini, mbele ya pwani ya Florida upande wa Tallahassee, miamvuli minne ikalala juu ya maji. Kwao ilikuwa jioni, jua bado lipo. Boti zilipokuwa zinaisogelea wakatokea pomboo, wakaanza kuizunguka kama vile wametumwa kupokea wageni bandarini. Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka nikaulizwa kulikoni.

Asubuhi kijiweni hadithi ilikuwa moja tu: "walitelekezwa angani miezi tisa". Huyu anasema njama, yule anasema siasa, mwingine anasema chombo kiliisha mafuta. Hii habari nimeifuata tangu mwanzo, na kuna kitu naona watu wanakiruka. Kitu chenyewe ni siti.

Tuanze mwanzo. Butch Wilmore na Suni Williams waliondoka Cape Canaveral tarehe 5 Juni 2024 na Starliner, chombo kipya cha Boeing ambacho kilikuwa hakijawahi kubeba mtu. Ni safari ya majaribio, waende kwenye kituo cha anga cha kimataifa, wakae kama siku 8, warudi. Wakati wanakikaribia kituo, injini ndogo za kuelekezea chombo zikaanza kugoma moja moja. Zipo 28, tano zikazima, baadaye nne zikaamshwa. Juu ya hapo gesi ya heliamu ilikuwa inavuja, na hiyo heliamu ndiyo inayoyasukuma mafuta yafike kwenye hizo injini. Wakatia nanga salama, lakini kila mtu kule Houston, wanakoongozea safari, akabaki na swali: zikigoma tena wakati wa kurudi?

Hapa pana utamu. Hizo injini ziko kwenye behewa la nyuma, na behewa hilo hutupwa kabla ya kuingia kwenye hewa, linaungua lote. Ukishusha chombo umeshapoteza ushahidi. Ndiyo maana mafundi walikiacha pale juu wiki baada ya wiki, huku wakiwasha injini ya aina hiyo hiyo chini, jangwani New Mexico. Wakakuta kipande cha kuzibia cha tefloni kinavimba kikipata joto kali na kubana njia ya mafuta. Tarehe 24 Agosti NASA, shirika la anga la Marekani, wakatangaza: Starliner itarudi tupu.

Sasa siti. Kule juu ni level siti, hakuna kusimama. Kila aliye kituoni lazima awe na siti yake kwenye chombo kilichotia nanga pale pale, maana moto ukiwaka au hewa ikivuja hakuna wa kumsubiri. Starliner iling'oa nanga mwanzoni mwa Septemba, na siti mbili zikaondoka nayo. Kwa wiki tatu hivi, Butch na Suni mpango wao wa dharura ulikuwa kulala sehemu ya mizigo, chini ya siti za wenzao wanne kwenye Dragon ya SpaceX, wamefungwa mikanda juu ya magodoro ya kuungwaungwa. Waliowahi kukalia ndoo katikati ya basi la mkoani wananielewa.

Tarehe 28 Septemba ikaruka Dragon nyingine, Crew-9, na watu wawili badala ya wanne: Nick Hague na Aleksandr Gorbunov. Zena Cardman na Stephanie Wilson, waliokuwa wamejiandaa na safari hiyo, wakaachwa chini ili siti zao ziende tupu. Hao kijiweni hakuna anayewataja.

Kwa hiyo mimi nagawa. Juni mpaka mwisho wa Septemba, ndiyo, walikwama, hawakuwa na siti ya kuaminika. Baada ya hapo siti walikuwa nayo, ila basi lilikuwa halijafika saa yake ya kuondoka. Hiyo Dragon ilikuwa na zamu yake ya miezi, na wakiondoka wote wanne mapema, Mmarekani angebaki mmoja tu pale, Don Pettit, aliyekuja na Soyuz ya Warusi. Wakasubiri wenzao wa Crew-10 wafike Machi, wakakabidhiana kazi, ndipo wakashuka.

Narudi na sehemu ya pili, jinsi kushuka kwenyewe kunavyokwenda.

kibarua_wa_Buza

Kiti cha mbele. Mwaga mkuu.

Mama Kayumba

Swali la msingi hajauliza mtu. Posho walilipwa ngapi?

Mzee wa Daku

Mama Kayumba, nilijua tu. Wale ni watumishi wa serikali, wanahesabiwa wako safari ya kikazi. Mshahara uleule, malazi na chakula juu ya mwajiri, malipo ya ziada hakuna, sikukuu hakuna. Kuna hela ya matumizi madogo madogo, dola 5 kwa siku. Zidisha kwa 286, dola 1,430.

Mama Kayumba

Dola tano!! Mimi semina ya siku mbili Morogoro nilisaini zaidi ya hiyo, na chai ya saa nne juu. Ningegoma kushuka.

Tomaso

Wakuu naheshimu juhudi ya mleta uzi ila hii ni chai, tena ya maziwa. Mtu akae juu miezi tisa kisha adondoke baharini azungukwe na samaki? Pomboo nao walipangwa?

Mzee wa Daku

Tomaso, karibu, tulikuwa tunakusubiri. Nakuja kwako mwishoni.

Sehemu ya pili. Wengi tunadhani ugumu wa kurudi ni ule urefu. Urefu wenyewe ni kama kilomita 400, yaani Dar mpaka Dodoma hujafika, ila umesimamisha barabara. Kazi ipo kwenye mwendo. Kituo kinakimbia kilomita 28,000 kwa saa. Kwa mwendo huo Dar mpaka Mwanza ni dakika mbili na nusu, hujamaliza hata kubishana na konda. Dunia nzima inazungukwa kwa dakika 90. Na mwendo huo ndio unaokuweka juu: unaanguka muda wote, lakini dunia nayo inajipinda chini yako, hamkutani.

Ukitaka kushuka unageuza chombo kikae kinyumenyume, unawasha injini dhidi ya mwendo wako. Soyuz huwasha kwa chini kidogo ya dakika tano. Unajua inapunguza kiasi gani? Kama kilomita 460 kwa saa kati ya zile 28,000. Haifiki hata asilimia mbili! Kidogo hicho kinatosha njia yake iinamie kwenye hewa, na kuanzia hapo hewa ndiyo breki. Mwendo wote uliobaki unatolewa na hewa, unageuka joto. Tulifundishwa ni msuguano, kumbe sehemu kubwa ya joto inatoka kwenye hewa iliyoko mbele ya chombo: inakosa pa kukimbilia, inabanwa mpaka inawaka. Nje ya Dragon joto linafika karibu sentigredi 1,900. Kwa dakika kadhaa redio inakata, maana chombo kimevikwa moto. Usiku ule kipande hicho ndicho kilichonishika. Mtangazaji ananyamaza, na wewe unajikuta umenyamaza.

Halafu miamvuli. Miwili midogo inafunguka kwenye kilomita tano na nusu hivi, minne mikubwa chini ya kilomita mbili. Inapogusa maji inakwenda kama kilomita 25 kwa saa, mwendo wa baiskeli ya mtu mwenye haraka. Wale walijitenga na kituo saa 2:05 asubuhi yetu na kutua karibu saa saba usiku. Saa 17 hivi mmekaa wanne kwenye kapsuli, na choo kimoja.

Fundi Spana

Mkuu umeimwaga vizuri, nami naongeza upande wa Warusi maana pale kwenye siti umenigusa.

Siti ya Soyuz hukalii hivi hivi. Kila mwanaanga anachukuliwa vipimo vya mgongo wake kwenye plasta laini, wanatengeneza kitanda cha siti kwa umbo lake peke yake. Siti ya mwenzako huwezi kuikalia. Na wanaacha nafasi kidogo juu ya kichwa, kwa sababu mtu akikaa huko uti wa mgongo unanyooka, anarefuka hata sentimita tano. Wasipoacha, akirudi haingii.

Sababu ni kwamba Soyuz inatua nchi kavu, kwenye nyika za Kazakhstan. Mwavuli wake mkubwa una ukubwa wa mita za mraba 1,000, lakini peke yake hautoshi. Zikibaki kama sentimita 80 kufika chini, vinawaka viroketi vidogo vya kupunguza kishindo. Wanaita kutua laini. Waliotua humo wanasema ni kama kupata ajali ya gari.

Sasa mcheki Frank Rubio. Alipanda Septemba 2022 kwa miezi sita. Desemba Soyuz yao ikatobolewa tundu dogo kwenye bomba la kupozea, maji ya kupozea yakamwagika yote angani, tuliona kwenye video kama theluji. Ukipanda watu watatu kwenye chombo kisichopoa, humo ndani kunakuwa tanuri. Wakaamua kitanda cha siti ya Rubio king'olewe, kihamishiwe kwenye Dragon iliyokuwa pale, awe abiria wa tano kukitokea dharura. Wakabaki Warusi wawili kwenye ile mbovu, watu wachache joto chache. Februari 2023 ikaja Soyuz nyingine tupu, lakini hiyo ndiyo ilikuwa iwalete wapokea zamu wao. Zamu ikaruka. Rubio akashuka tarehe 27 Septemba 2023, siku 371. Ndiyo rekodi ya Marekani mpaka leo kwa safari moja, na hakuiomba.

Kwa hiyo hata Butch na Suni wana nafuu.

Wa Ngomeni

Salamu kutoka Malindi. Hapa kwetu Ngomeni Waitaliano walikuwa na majukwaa yao baharini, San Marco, wakirusha roketi. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapa tarehe 12 Disemba 1970, siku ya Jamhuri, ndio ikapewa jina hilo. Wazee wetu walizoea kuona vitu vikipanda. Suala la kurudi halikuwapo kabisa, kile kikipanda kimepanda. Sasa nikisoma hapa naona kumbe kupanda ndio nusu rahisi.

Babu wa Redio

Vijana mmesahau baba lao.

Sergei Krikalev. Huyu aliondoka tarehe 18 Mei 1991 kwenda kituo cha Mir, akiwa raia wa Umoja wa Kisovieti. Nilikuwa sekondari, habari zake nilizisikia kwenye redio ya mkulima ya mzee. Ilitakiwa ashuke mwezi wa kumi. Lakini pesa zilikuwa zimekata, safari mbili zilizopangwa zikaunganishwa kuwa moja. Kwenye ile moja siti zikagawiwa kisiasa: mmoja Mkazakhstan, Toktar Aubakirov, kwa sababu uwanja wa roketi wa Baikonur uko kwao na walikuwa wanadai nchi yao, na mmoja Mwaustria ambaye safari yake ilikuwa ya kulipiwa. Wote wawili hawakuwa wamefundishwa kukaa muda mrefu. Wakaenda, wakarudi baada ya wiki moja, Krikalev akaambiwa baki.

Desemba nchi iliyomtuma ikafa. Yeye yuko juu anaizunguka mara 16 kwa siku. Alipotua tarehe 25 Machi 1992, siku 311, alitua Kazakhstan ambayo ilishakuwa nchi nyingine, na mji wake wa Leningrad ulishabadilishwa jina kuwa Saint Petersburg. Picha yake akiwa kabebwa, kaloa jasho, uso mweupe kama karatasi, niliikata gazetini nikaiweka kwenye kamusi. Nadhani bado ipo.

Huyo ndiye ambaye siti yake alipewa mwingine.

kibarua_wa_Buza

Babu umeua. Yaani umetumwa na ofisi, unarudi ofisi haipo.

Nesi wa Zamu

Mimi niseme la kwangu, maana kila wakishushwa naona watu mnacheka "mbona wanabebwa kwenye machela, kwani wagonjwa?"

Mmewahi kuona mtu aliyevunjika mguu akatolewa POP baada ya wiki sita? Mguu umenywea, yeye mwenyewe anauogopa. Sasa fikiria POP ya mwili mzima kwa miezi. Kule huelemewi na uzito wako, kwa hiyo mifupa inaona haina kazi, inapoteza kama asilimia moja mpaka moja na nusu kwa mwezi, hasa nyonga na mapaja. Ndiyo maana wanafanya mazoezi karibu saa mbili kila siku, wamefungwa kamba kwenye mashine ya kukimbilia ili miguu ikanyage kitu.

Halafu damu. Huku chini moyo umezoea kuipandisha kutoka miguuni. Kule damu inasambaa hovyo, uso unavimba, miguu inakonda kama ya kuku, na mwili unaona maji yamezidi unayatoa kwa mkojo. Ukirudi, damu yote inakimbilia miguuni na ni pungufu. Ukisimama ghafla unazimia. Kabla ya kushuka wanakunywa maji na vidonge vya chumvi, na wanavaa nguo za kubana miguu. Sisi wodini tunamwambia mgonjwa kaa kwanza kitandani, ning'iniza miguu, ndipo usimame. Ni hilo hilo.

Na sikio la ndani, ambalo kazi yake ni kukuambia chini ni wapi, lilikuwa limeshakata tamaa. Ukigeuza kichwa tu dunia inapinduka. Wanatapika. Nyayo nazo zinakuwa laini kama za mtoto mchanga kwa sababu hawakuzikanyagia miezi yote.

Kwa hiyo machela ni utaratibu. Hata anayejisikia mzima anabebwa.

Ngosha wa Nyakato

Mimi nina swali gumu. Starliner si ilitua salama New Mexico ikiwa tupu? Tena pale pale walipotaka. Sasa kwa nini tusiseme NASA waliogopa bure, wakapoteza muda wa watu? Wangepanda tu wangekuwa nyumbani Septemba.

Fundi Spana

Ngosha, basi lililokatika breki likafika Singida salama, utampandisha mama yako safari inayofuata?

Ngosha wa Nyakato

Usinijibu kwa mafumbo. Boeing wenyewe walikuwa wanasema inafaa kupanda.

Mzee wa Daku

Ngosha swali lako ni zuri na wengi waliliuliza. Boeing walikuwa na imani nacho, NASA hawakuwa na uhakika injini ngapi zingegoma njiani. Na kumbuka NASA wana kidonda. Tarehe 1 Februari 2003 chombo chao Columbia kilikatika angani kikiwa kinarudi, wakafa watu saba. Wakati ule kulikuwa na wahandisi waliokuwa na wasiwasi na kipande cha povu kilichopiga bawa, hawakusikilizwa. Mwaka 2024 walipokaa kwenye ile meza, Columbia ilitajwa wazi kabisa. Mimi ningekuwa na kura ningeipiga kama wao. Lakini nakubali kwamba Starliner ilivyotua vizuri, pale Boeing kuna mtu alipiga meza.

Msomi Maktaba

Kwenye kurudi kuna moja halizungumzwi sana. Soyuz 11, tarehe 30 Juni 1971. Georgy Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev. Walikuwa wakazi wa kwanza wa kituo cha anga cha kwanza, Salyut 1, wamekaa siku 23, nchi nzima inawajua. Wakati mabehewa ya chombo yanaachana, vali ya hewa ikafunguka kabla ya wakati wake. Hewa ikaisha ndani ya muda mfupi. Mashine zikaendelea na kazi yake, mwavuli ukafunguka, kapsuli ikatua vizuri kabisa. Waokoaji wakafungua mlango wakakuta watu watatu wamekaa kwenye siti zao, wamekufa.

Hawakuwa wamevaa suti za hewa kwa sababu watatu wenye suti hawakutosha. Baada ya hapo Warusi wakang'oa siti ya tatu. Soyuz ilibeba wawili tu wenye suti mpaka 1980, ilipotoka mpya yenye nafasi.

Mama Kayumba

Nimeacha kucheka.

Fundi Spana

Hiyo ya kuachana kwa mabehewa ina mambo. Aprili 2008 Peggy Whitson, Yuri Malenchenko na Yi So-yeon wa Korea Kusini, behewa moja liligoma kuachia vizuri. Chombo kikashuka kwa njia ya mkato, wima kuliko kawaida, wakabanwa na uzito mara nane. Mtu wa kilo 70 anajihisi kilo 560, kifua hakipandi. Wakaangukia zaidi ya kilomita 400 kutoka walikotarajiwa. Wote wakatoka hai.

Pekosi

Na Wachina je? Nao Novemba 2025 yaliwakuta. Wale watatu wa Shenzhou-20 walikuwa kwenye kituo chao cha Tiangong tangu Aprili. Wapokea zamu wameshafika, mizigo imefungwa, ikagundulika dirisha la chombo lina nyufa ndogo, inadhaniwa ni uchafu wa angani uliogonga. Tarehe ya kurudi ikaahirishwa.

Wakafanyaje? Wakapanda chombo cha wageni! Tarehe 14 Novemba wakatua jangwani Dongfeng na Shenzhou-21, ile iliyoleta wenzao. Wale wapya watatu wakabaki bila siti ya kuaminika mpaka Shenzhou-22 iliporushwa tupu tarehe 25. Siku 11.

kibarua_wa_Buza

Yaani umekuja kumpokea mwenzako kazi, kaondoka na pikipiki yako.

Mzee wa Daku

Pekosi hiyo sikuwa nimeiunganisha na uzi huu, asante. Nadhani Wachina walicheza vizuri kuwa na roketi ya akiba iko tayari. Siku 11 ni chache sana ukilinganisha na Rubio.

Tomaso, nilikuahidi. Kile kituo kinaonekana kwa macho, huhitaji darubini. Tafuta kwenye simu ratiba ya kupita kwake hapo ulipo, toka nje jua likishazama au kabla halijachomoza, wakati huku chini ni giza lakini kule juu jua bado linakipiga. Utaona nyota kali inayotembea, haipepesi, haina taa nyekundu kama ndege, haina sauti. Inavuka anga kwa dakika chache. Halafu rudi hapa.

Tomaso

Sawa. Mawingu yakinikatalia msinifuate inbox.

Tomaso

Nimerudi. Jana saa moja kasoro nilipanda juu ya tangi la maji na mwanangu, mke wangu akawa anauliza tunatafuta nini. Kimepita kama ulivyosema, kikafika juu ya minazi kikafifia taratibu kama taa ya betri inayoisha. Mtoto akauliza humo ndani wako wangapi. Nikamwambia sijui, ila kila mtu ana siti yake.

Pomboo bado sijakubali.